Fundi wa Baridi

Miaka kumi na tisa natengeneza friji hapa Kijenge.
Mkate wangu ni baridi.
Ukiniona mlangoni na begi la spana na mtungi wa gesi
ujue maziwa yamechacha,
ujue nyama imeanza kusema.

Sasa Elinipa kaenda bweni, kidato cha kwanza,
na mezani, kando ya redio, kaniachia chura.

Anaitwa Karani. Amekaa kama karani,
tumbo mbele, mikono kaikunja ndani,
anasubiri ulete barua yenye mhuri.
Mwanangu alimwokota kwenye shimo la mita ya maji
akiwa mdogo kama punje ya harage.
Nikasema, mtupe. Akasema, ndiyo baba,
na hakumtupa.

Karatasi ya daftari imebandikwa kwenye kioo:
Maji yalale ndooni siku mbili, dawa ya bomba itoke.
Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.
Panzi wawili jioni. Mchwa, ukibahatika.
Nyuzi ishirini na mbili. Kumi na nane ni hatari.
Usimshike. Yeye hunywa kwa ngozi,
na mikono yako, baba, unaijua.

Naijua. Ina mafuta ya kompresa
mpaka kwenye mistari ya bahati.

Julai ya Arusha huijui kama hujailalia.
Mlima Meru hujivutia wingu mpaka kidevuni,
kuku asubuhi wanatembea kama wenye deni.
Kipimajoto ninachotia kwenye friza za watu
nikakitia kwa Karani: kumi na tano.
Kageuka rangi ya jivu. Panzi akampanda kichwani,
akapangusa miguu, akashuka zake.

Nikatundika balbu ya wati sitini, karibu kabisa.
Kesho yake udongo umepasuka,
ngozi yake imekuwa karatasi.
Nikatukana kwa sauti, nyumba tupu ikanisikia.
Kumbe na moto nao.
Nikamnyunyizia maji yaliyolala, taratibu,
kwa chupa ya kupigia pasi,
nikihesabu koo: linapwita, linapwita,
limetulia.
Linapwita.

Usiku wa tatu umeme ukakatika.
Jiko la mkaa, sufuria, chupa mbili za plastiki.
Nikazivika soksi za shule alizosahau
nikaziegemeza nje ya kioo, upande mmoja tu,
akitaka asogee, akichoka ajitenge.
Shuka langu likaenda juu ya sanduku,
mimi nikalala na koti la kazini.
Saa nane nikabadilisha maji. Saa kumi tena.
Mama Nderetu akaona mwanga, akauliza kupitia ukutani:
Nani mgonjwa?
Nikajibu, Karani.
Akasema, pole jamani, wa ofisi gani?

Jumapili matroni akampa Elinipa simu, dakika tatu.
Amekula?
Amekula. Wa pili mguu ulibaki nje ya mdomo
kama njiti ya kiberiti.
Akacheka. Nyuma yake kengele.
Blanketi linatosha? Hilo sikuuliza,
dakika ziliishia kwa panzi.

Gereji kuna friji imekufa, mwenyewe haji kuichukua.
Nimeng'oa temostati yake,
na ule waya wa joto unaoyeyusha barafu
(ndiyo, kila friji ina kimoto chake kimefichwa,
wateja hawajui).
Nikageuza nyaya. Kitu kilichoishi kikidai baridi
nikakifundisha kudai moto.

Usiku kinasema tak, joto linaanza.
Tak, linakoma.
Karani hapo katikati huita mara moja,
sauti ya bawaba isiyopata mafuta,
na mkono wangu, gizani, unatafuta bisibisi,
unaipata,
unairudisha chini.